Mkono wa Kulia wa Fundi Semdoe

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani yangu si ya majini wala ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, madaktari wakiwa wamekwisha kujua kulitengeneza bega la mtu kwa matundu matatu yasiyozidi kishikizo cha shati, aliishi Korogwe fundi mmoja wa kupiga lipu. Jina lake Semdoe. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, akamwachia binti mmoja, Mwantumu, mwalimu wa chekechea. Baba alikuwa na binti, binti alikuwa na baba, na wote wawili walikuwa na ule mkono wa kulia wa fundi, uliomsomesha mmoja na kuwalisha wote.

Mwaka mmoja bega la mkono ule likagoma. Fundi akiinua mwiko kuelekea dari, mkono unashuka wenyewe. Akitaka kuvaa shati, anaanza kwa kugombana nalo. Mdogo wake, Mbelwa, akaja na chupa ya mafuta ya nyonyo, akakanda. Akakanda wiki, akakanda mwezi. Fundi akasema afadhali, kwa kumstahi mdogo wake; bega lenyewe halikusema afadhali. Hospitali ya wilaya wakampima, wakamwambia mfupa ni mzima, kano ndiyo iliyochanika, na kano ikichanika namna hii haikandwi, inashonwa. Atafutwe mshonaji.

Mwantumu akatafuta. Nami nitamsifu hapa hapa, maana huko mbele sitapata nafasi. Daktari wa kwanza alikuwa na bango kubwa barabarani. Akamwambia, "Wiki moja tu, baba yako anarudi kazini." Mwantumu akamuuliza, "Mwaka huu umeshona mabega mangapi?" Yule akaanza kusifia mashine zake. Mwantumu akaaga. Daktari wa pili alikuwa mtu mwema, lakini Jumatatu alipasua nyongo, Jumanne goti, Jumatano ngiri, naye mwenyewe akasema, "Binti yangu, mimi bega nalifanya mara mbili kwa mwaka. Mpeleke kwa anayelifanya kila wiki." Mwantumu akamshukuru kwa dhati. Daktari wa tatu alikuwa mama mmoja wa Kihaya, yuko Dar es Salaam, Daktari Kokubanza. Alipoulizwa mabega mangapi, akataja idadi. Alipoulizwa mangapi hayakupona, akataja idadi pia, wala hakutazama pembeni. Alipoulizwa nani atamfanyisha mgonjwa mazoezi, akamwita mtu wa mazoezi, akaja, akasalimia. Mwantumu akasema moyoni, huyu ndiye.

Kisha akauliza swali la mwisho. "Atapona kwa muda gani, daktari?"

Daktari akachukua karatasi, akaandika kwa Kiingereza kama wanavyoandika, huku akieleza kwa mdomo. Wiki sita mkono ukae kwenye mkanda, kile kitambaa kipana kinachopita shingoni na kuubana mkono tumboni. Unatoka kwa kuoga na kwa mazoezi tu. Miezi mitatu asinyanyue hata birika la chai. Miezi sita ndipo ashike mwiko, na dari isubiri zaidi ya hapo. "Mimi nikishona nimefanya nusu ya kazi," akasema. "Nusu nyingine ni uvumilivu, na huo siuuzi hapa." Mwantumu akaitikia. Alielewa yote. Lishikeni hilo, wasikilizaji: alielewa yote.

Sasa, Mwantumu alikuwa na mchumba, Hatibu, mwalimu mwenzake aliyehamishiwa Mtwara. Harusi yao ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara moja kwa msiba, siku mpya imepangwa, kadi zimegawanywa. Nafasi ya upasuaji ikapatikana wiki tatu kabla ya siku hiyo. Ikiachwa, ya pili ni baada ya miezi mitano, na daktari alikuwa ameonya kwamba kano iliyochanika ikingoja sana husinyaa, na ikisinyaa haishoneki. Naye Fundi Semdoe alikuwa ameshatamka mbele ya ukoo: "Mimi simwozi mwanangu nikiwa nimefungwa mkono kama kuku wa mnadani. Harusi kwanza, bega baadaye."

Mwantumu akarudi Korogwe na karatasi yake.

"Mwanangu," baba akauliza, "daktari kasema mkanda muda gani?"

Mwantumu akaitazama ile karatasi iliyoandikwa sita. "Wiki tatu, baba."

"Na mwiko?"

"Miezi mitatu."

Kila palipokuwa na sita, aliweka tatu. Akajiambia ni kwa ajili ya bega la baba, na ilikuwa kweli. Ila haikuwa kweli yote, maana ndani yake mlikuwa na gauni lililoshonwa tayari, na Hatibu, na kuchoka kungoja. Alijijua. Uso ukamwaka moto, akakimbilia jikoni kukuna nazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Basi Fundi Semdoe akahesabu, akaona mkanda utatoka siku ya harusi yenyewe, akakubali. Akapasuliwa, na akapasuliwa vizuri. Akatoka na matundu yake matatu na mkanda shingoni, akarudi Korogwe, akatulia kama alivyoambiwa. Mwantumu akamlisha kwa kijiko. Akamvisha. Akamfanyisha yale mazoezi ya kuubembeza mkono taratibu, asubuhi, mchana na jioni. Kila siku aliazimia kusema neno lile moja, sita, na kila siku wifi mmoja au shangazi mwingine akaingia na habari za vitenge vya sare. Karatasi akaisukuma chini ya godoro. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikatimia.

Ikafika siku ya ndoa. Nanyi mnajua desturi: wanaume ukumbini na sheikh, wanawake ndani na bibi harusi, na kipaza sauti katikati, ili waliofungiwa ndani wasikie akdi inavyofungwa. Mwantumu alikuwa amekaa kitandani, hina miguuni, shangazi zake wamemzunguka. Dirishani akamwona baba yake uani. Baba mdogo Mbelwa alikuwa amesimama mbele yake, anaufungua ule mkanda. Akafungua wa shingoni, akafungua wa kiunoni. Mkono ukatoka, mwembamba, umepauka.

Mwantumu angeweza kupiga kelele. Neno lilikuwa moja tu. Lakini kulitamka neno lile mbele ya mashangazi ni kujianika kuwa mwongo siku ya harusi yake. Akajiambia, ni kushikana mkono tu, kwani kuna nini? Akauvuta mtandio, akaangalia pembeni.

Spika ikakohoa. Sheikh akasema, "Mshikane mikono ya kulia." Kisha sauti ya baba yake, ikitetemeka: "Nimekuoza binti yangu Mwantumu." Na sauti ya Hatibu, haraka haraka: "Nimekubali." Watu wakaitikia. Na hapo Hatibu, kwa furaha na kwa adabu aliyofunzwa kwao, akauinua ule mkono wa mkwewe, akaubusu, akaupandisha juu mpaka kwenye kichwa chake ili apate baraka.

Spika ikatoa sauti. "Yalaa!"

Ndani wakadhani ni furaha ya mzazi. Wakapiga vigelegele, wakarudia, wakaongeza. Mwantumu peke yake ndiye aliyejua ile ni sauti gani, akalia, na mashangazi wakamfuta machozi wakisema bibi harusi asiyelia hana adabu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona haya kama alivyoona wakati ule anafutwa machozi ya sifa.

Fungate yao wakaifanyia mjini hapo hapo. Siku ya tatu alikwenda kumwamkia baba. Akamkuta anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, mkanda umerudi shingoni. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Bega limechoka tu na shughuli za watu." Siku ya saba, hivyo hivyo. Siku ya kumi Mwantumu akamwambia Hatibu kwamba bega la baba halijatulia, Hatibu akamwambia Mbelwa, wakampandisha fundi basi, wote wanne wakaenda kwa Daktari Kokubanza.

Daktari akampima. Akatazama picha, akatazama tena, akavua miwani.

"Imechanika," akasema. "Pale pale nilipoishona. Huu mkono umeinuliwa juu. Ulifanya nini, mzee?"

"Nilimwoza binti yangu, siku kumi zilizopita," Fundi Semdoe akajibu.

"Ukiwa umevua mkanda? Wiki ya tatu?"

"Nisingeweza kumwoza kwa mkono wa kushoto, daktari. Mkono wa kushoto una kazi zake."

Daktari akasema bila ukali, na afadhali angekuwa mkali. "Mzee, vidole vyako sikuvifunga. Mkono wa kulia ungebaki hapo hapo tumboni, ndani ya mkanda, na bwana harusi angesogea yeye, akainama, akakushika vidole. Ingetosha."

Hatibu alitazama viatu vyake. Mbelwa alitazama dirisha. Watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza bwana harusi asogee. Mwantumu alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni kwenye hina mpaka masikioni.

"Nani alimwambia avue wiki ya tatu?" daktari akauliza.

Na Fundi Semdoe, kabla daktari hajamaliza kuuliza, akajibu, "Hakuna aliyeniambia. Nilisikia vibaya. Mimi ni mkaidi, daktari, waulize hawa."

Mwantumu alikuwa na nafasi ya kusema, na kwa pumzi moja nzima hakusema. Akamwacha baba yake aibebe. Pumzi ile moja ndiyo anayoijutia kuliko uongo wenyewe. Kisha akapiga magoti palepale sakafuni.

"Ni mimi. Uliniandikia sita, nikamwambia tatu. Nilitaka apasuliwe na nilitaka niolewe, vyote viwili, na sikutaka kungoja. Nilimwona dirishani anafunguliwa mkanda nikanyamaza. Baba hana kosa. Kosa ni langu."

"Simama, mwanangu," Fundi Semdoe akasema. "Nilikuwa najua."

Wote wakamgeukia.

"Yule kijana wa mazoezi alinieleza siku natoka wodini. Kwa Kiswahili, kwa vidole. Wiki sita, mzee, si tano. Nikakumbuka ulivyoniambia tatu, ukakimbilia nazi. Nikasema, nikimsahihisha, mwanangu atajua kwamba najua kuwa amenidanganya. Atanitazamaje? Nikaona afadhali bega. Na tena, ile tatu yako ilinifaa. Ningemwoza mwanangu nikiwa mzima mbele za watu. Uliniambia uongo nami nikaupokea kwa mikono miwili. Basi kosa ni langu."

Mbelwa akajikuna shingo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile yalimtoka moja moja.

"Kaka, mbona hukulisema lile la alfajiri? Basi nitalisema mwenyewe. Siku ya ndoa alfajiri aliniita. Akaniambia, mdogo wangu, bega halijakaa sawa, niwakilishe, umwoze mtoto kwa niaba yangu. Sheria inaruhusu. Nikamjibu, mlipotafuta daktari hamkunitafuta, mkayadharau mafuta yangu, leo ndiyo mnanijua? Halafu nikamwambia, na mkono wa kushoto ni wa msalani, sijui utauficha wapi. Nikaufungua ule mkanda kwa mikono yangu hii. Kwa kisirani tu. Kosa ni langu."

Hatibu alikuwa bado anatazama viatu.

"Mimi niliambiwa baba amepona," akasema. "Lakini nilipomshika mkono niliona jasho linamtoka kwenye nyusi. Nikajua anaumia. Nikasema, nikimwachia, watasema mkwe kaukataa mkono wa baba. Nikiubusu haraka haraka tu bila kuupandisha kichwani, watasema kwao hakuna adabu. Basi nikaupandisha. Nilikuwa najua, na niliupandisha. Kosa ni langu."

Daktari akawasikiliza wote. Naye akavuta pumzi, akasema, "Na mimi niliandika kwa lugha ambayo mgonjwa haisomi, nikampa karatasi mtu mwingine." Akaandika jambo kwenye daftari lake, sijui ni nini. Kisha akawaambia.

"Sikilizeni. Naweza kuishona tena mara moja. Safari hii matumaini ni madogo kuliko ile ya kwanza, na ikichanika hakuna ya tatu. Mkono huu hautarudi tena kwenye dari. Kwa hiyo nataka mtu mmoja. Si ukoo, mtu mmoja. Mkiwa wengi, kila mmoja atadhani mwenzake yupo. Huyo mmoja atakaa naye miezi minne. Atamwogesha, atamvisha, atamfanyisha mazoezi mara tatu kwa siku, na atasimama mlangoni awaambie watu hapana: sheikh hapana, ukoo hapana, mzee mwenyewe hapana. Jina lake litaandikwa hapa. Kesho mkono ukiharibika, nitamuuliza yeye."

Akafungua fomu. Akashika kalamu.

Mwantumu akasema, "Niandike mimi. Najua mazoezi yote. Hatibu aende Mtwara peke yake, nitamfuata mkono ukipona. Mimi ndiye niliyedanganya, na aliyewahi kuona haya kama zangu hadanganyi mara ya pili."

Mbelwa akasema, "Niandike mimi. Mwantumu ni mtoto wa kike, amwogesheje baba yake? Hatibu ni mkwe, akimwona mkwewe uchi watatazamana vipi tena? Ndugu ndiye anayemwogesha ndugu. Nilikataa kusimama mahali pake siku moja. Nipeni miezi minne nisimame."

Hatibu akasema, "Niandike mimi. Nitaomba ruhusa shuleni. Ni kweli mimi ni mkwe, nitamwogesha nikiwa nimefumba macho. Binti yake hawezi kumkatalia, mdogo wake anamwogopa. Mimi ni mgeni, ndiye pekee atakayeweza kumwambia hapana."

Mbelwa akamkata kauli. "Wewe ulishindwa kumwambia hapana sheikh, bwana."

Na Mwantumu akamwambia Mbelwa, "Na wewe, baba mdogo, ukinuna tena siku moja, je?"

Na Hatibu, polepole, akamwambia mkewe, "Na wewe baba akikuuliza, zimebaki wiki ngapi, utamjibu ngapi?"

Mwantumu akauvuta mtandio mbele ya mume wake wa siku kumi, akaangalia pembeni.

Ndipo Fundi Semdoe akauinua mkono wa kushoto, ule ule uliomtia aibu, akaomba ruhusa ya kusema kama mtoto wa darasani. "Daktari, niandike mimi mwenyewe. Mkono ni wangu. Hakuna kati ya hawa aliyejua yote. Mimi peke yangu niliyajua yote. Kama sitajifunza kusema hapana mwenyewe, hakuna atakayenisemea."

"Na nani atakuogesha, mzee?" daktari akauliza.

Fundi akainamisha kichwa. Hakuwa amefikiria hilo.

Daktari Kokubanza akawatazama mmoja mmoja. Binti aliyekata sita ikawa tatu, na anayejua mazoezi yote. Ndugu aliyefungua mkanda kwa kisirani, na anayeweza kumwogesha bila haya. Mkwe aliyeona jasho akaupandisha mkono, na aliye tayari kuomba ruhusa kazini. Na mwenye mkono, aliyejua yote akanyamaza ili mwanawe asione haya. Wote wanaona haya, hakuna anayemtazama mwenzake, na kila mmoja anaitaka fomu.

Nafasi kwenye fomu ni ya jina moja. Kalamu iko juu ya karatasi, na mlangoni mgonjwa mwingine anabisha hodi.

Hapo ndipo ninapowaachia ninyi, na msiniulize daktari aliandika nini, maana nikisema mtajificha nyuma yake. Semeni wenyewe, na anayesema aseme na sababu yake. Je, nani alistahili kukabidhiwa mkono wa Fundi Semdoe?